Mashahidi wa Chokaa Nyuma ya Altare

Siku ya kwanza niliyoteremka machimboni nilikabidhiwa ufagio. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilitarajia nyundo. Mkuu wa Tanuri, Bruda, mtawa aliyetoka nchi ya watu wasemao Kifaransa, alinielekeza kwenye uso wa mwamba, yaani ukuta ambako mawe hukatwa, akasema: "Fagia mpaka jiwe lionekane. Anayepiga jiwe asiloliona ni mjinga, na mjinga hapa tunamzika mapema." Nilifagia juma zima. Hakunisifu hata mara moja.

Machimbo hayo yako chini ya Sigowet, pale mashamba ya chai yanapokoma na ardhi kuanza kuteremkia joto la Soin. Chai hupenda udongo mchachu, na chokaa huua uchachu huo; ndiyo maana malori yetu yalifungwa turubai kila yalipopita kando ya chai ya wenyewe. Bruda na mapadre wa misheni walianza kuchoma chokaa ili wajenge kanisa. Wafanyakazi wakaja: Waluo kutoka ziwani, Wakisii kutoka milima ya jirani, na sisi Wakipsigis wa Kiptere. Tulijenga nyumba zetu kulizunguka kanisa, na kwa kuwa hatukuwa na lugha moja, tulisali kwa ile ya Bruda. Mpaka leo wazee wa tanuri husema Baba Yetu kwa Kifaransa, na wajukuu wao huwaamkia "bonjour" huku wakicheka.

Nitaeleza kazi yenyewe, maana vijana wengi hudhani chokaa huchimbwa kama mchanga. Jiwe hulipuliwa, huvunjwa kwa nyundo, kisha hupangwa ndani ya tanuri kwa tabaka, jiwe na makaa, jiwe na makaa. Likiiva huwa jepesi, nalo huitwa chokaa hai. Chokaa hai ikiguswa na maji huchemka yenyewe na inaweza kumpofusha mtu. Ni mpaka izimwe kwa maji mengi ndipo hutulia na kufaa kupakwa ukutani. Kutoka ufagio nilipandishwa mpaka mtaimbo, kisha kutoboa mashimo ya baruti. Baadaye nilipelekwa chuoni, nikarudi na cheti cha fundi wa baruti. Bruda alipozeeka na kurudi kwao, kampuni moja ilichukua machimbo, nami nikafanywa Msimamizi, mwenye ufunguo wa ghala la baruti na fataki za kuilipulia.

Kabla hajaondoka, Bruda alinifundisha jambo moja ninalolithamini kuliko cheti. "Ukiona ufa ukutani," alisema, "usiulize watu. Watu watakuambia wanachotaka. Weka shahidi." Shahidi ni utepe mwembamba wa plasta ya chokaa unaobandikwa kuuvuka ufa, ukishika pande zote mbili. Chokaa kavu haivutiki. Ukuta ukisogea kiasi cha unywele, shahidi hukatika.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini, jiwe jeupe lilikwisha upande wa mashariki. Lililobaki lilikuwa linaelekea chini ya kanisa. Meneja wa kampuni, kijana msomi na mwenye adabu, aliamuru tusogee huko, na baada ya milipuko kadhaa nyufa zilionekana katika ukuta wa nyuma ya altare. Katika kundi la simu la parokia watu waliandika kwamba ukuta unanguruma usiku na kwamba mnara umeinama. Nilikwenda na bilauri ya maji ya kuonyesha mtikisiko na uzi wenye timazi. Mnara haukuwa umeinama. Kuhusu ngurumo, kila niliyemuuliza alikuwa ameambiwa na mwingine.

Nilibandika mashahidi wakati wa Kwaresima, mimi na Meneja tukapatana: wakikatika, tunaacha upande ule, wakifika Pasaka wakiwa wazima, tunaendelea. Kila mtu alijua maana yake. Bila jiwe lile tanuri lingezimwa, na parokia nzima ilikula kwa tanuri.

Sasa, kwetu kuna desturi. Katika Juma Takatifu wanawake wa kila jumuiya hupaka chokaa sehemu yao ya kanisa. Ukuta wa altare ni wa jumuiya ya Mama Atieno, mjane ambaye wanawe wawili walikuwa wapanga mawe tanurini. Mimi na Meneja tulipoingia kukagua, tuliukuta ukuta mweupe kama ganda la yai. Hakukuwa na ufa, wala shahidi.

"Mama Atieno," niliuliza, "vile vipande vya plasta viko wapi?"

"Hizo viraka? Tulikwangua, Mzee. Tukajaza zile nyufa na chokaa nzito. Askofu akuje Pasaka apate kanisa imejaa bandeji?"

"Vilikuwa vimekatika, au vilikuwa vizima?"

Alifikiri. "Zingine zilikuwa zimekatika."

"Ni wewe ulizikata na panga ukikwangua," mwenzake alidakia kutoka juu ya ngazi. "Usidanganye mzee wa watu."

"Na wewe huko juu ulikuwa unaangalia panga yangu ama unapaka? Ndio maana upande yako imebaki na mistari kama punda milia."

Wote walicheka. Meneja hakucheka. Alinivuta kando. "Mzee, kwa hivyo hatuna ushahidi. Na si ni wewe hutuambia maneno ya watu si kipimo?"

"Ndivyo ninavyosema. Hatuna ushahidi kwamba ukuta unasogea. Hatuna ushahidi kwamba umetulia. Nitabandika mashahidi wapya. Mpaka wakauke, silipui, na watu wasisali humu."

"Makao makuu wakiuliza?"

"Waambie ufunguo ninao mimi."

Padre Paroko, Mkongo aliyeongea Kifaransa cha wazee wetu vizuri kuliko wao wenyewe, alikubali Misa ya Pasaka isomewe uwanja wa tanuri. Mama Atieno alimfuata mpaka mlangoni mwa sakristia.

"Padre, tumepaka hii kanisa mpaka mabega inauma, halafu Yesu afufukie kwa vumbi?"

"Mama, hata Pasaka ile ya kwanza alifufukia penye mawe."

Hakuridhika. Lakini alihamisha maua ya altare mpaka uwanjani.

Mashahidi walipokauka baada ya Pasaka, nililipua mara moja tu kuujaribu ukuta, kwa baruti kidogo, kanisa likiwa tupu. Tuliingia watatu: mimi, Meneja, na Mama Atieno, aliyesema safari hii ataona kwa macho yake. Mashahidi wote walikuwa wamekatika. Meneja aliingiza ukucha wake katika mmoja, akautoa, akautazama.

"Basi," alisema.

Mama Atieno aligusa kila shahidi, kisha akatoka nje.

Ukuta ule tuliubomoa na kuujenga upya kwa nguzo za kuuegemeza. Jiwe lililobaki kwingineko lilikuwa la kijivu, lenye udongo, lisilotoa chokaa ya maana. Tanuri likazimwa, nami nikastaafu pamoja nalo. Wapanga mawe walitawanyika, wengine Chepseon kwenye biashara, wengine kwenye mashamba ya chai. Wana wa Mama Atieno wako Nairobi.

Vijana huniambia kwamba niliokoa kanisa. Siwaruhusu waseme hivyo mbele yangu. Hakuna aliyeuona ukuta ukianguka, kwa hiyo hakuna ajuaye kama ungeanguka. Ninayojua ni mawili: plasta ilikatika, na watu walikosa kazi. Anayetaka kunipima anipime kwa yote mawili. Kustaafu kumenifunza kwamba uamuzi wa haki unaweza kumnyima mtu asiye na hatia mlo wake, na kwamba haki hiyo haimrudishii.

Juma Takatifu lililopita, Mama Atieno alifika nyumbani kwangu na mfuko wa chokaa ya duka.

"Hii nimenunua Sigowet," alisema. "Parokia ya chokaa inanunua chokaa. Vijana wangu ndio walikuwa wanabeba ndoo. Sasa hawako. Kuja ubebe wewe."

Nilikuwa na umri wa kukataa, na magoti yangu yangenitetea. Nilivaa viatu. Tulipofika kanisani nilijaza ndoo maji, nikakoroga chokaa ndani yake, naye akapanda ngazi bila kunitazama, akanyoosha mkono chini ili nimpe ndoo.