Rouge chini ya majina yetu

Leo nilikuwa karibu kuvunja mariage ya batu, na bwana arusi simujue hata!

Niko na ka-bureau ya kuandika ma-document hapa Mususa.
Mama Masika akaniletea invitation ya arusi ya mutoto wake Kavira, iko mu Word. Anataka niigeuze picha ya muzuri, atume ku WhatsApp.

Courant ilikuwa inataka kukatika.
Donc sikuipitisha mu PDF. Nikapiga tu capture ya écran, picha ya vile iko ku machine, nikamupatia.
Akatumia famille yote, kuanzia Luofu mpaka Beni.

Kisha kidogo, huyu anarudi mbio.
"Mutoto, umetufanya nini?"

Naangalia picha... Ayayaya!
Word haijue majina yetu ya Banande. Kavira, Masika, baba yake Kasereka: chini ya kila moya kuko mustari ya rouge, nyekundu.
Bwana arusi ni militaire wa Kinshasa, anaitwa Patrick. Yeye, propre, bila mustari!

"Bajomba ba Luofu banasema ni ye Patrick alituchora. Mu hii vita, jina ya rouge ni ya mutu wa kukamatwa, hapana inapita ku barrière ya basoda! Habakuye tena ku arusi!"

Nilitaka kucheka. Mais sura yake haikukuwa ya kucheka.
(Mwenye alishafanya hii makosa aniambie, nisikuwe peke yangu.)

Nikaifanya upya: PDF kwanza, kisha picha, qualité ya juu. Rouge hakuna.
Akaangalia jina moya moya. Akapumua.

Kisha, pole pole:
"Shemeji yangu wa Ruwenzori anakulaka ya batu tatu. Ku picha yake ye, ile rouge huwezi kuirudisha?"