Mwanangu na Chai ya Mkutano

Kuna watu watakusifia mtoto mpaka usahau kwamba wanamtuma. "Huyu msichana ana adabu," mwenyekiti wetu aliniambia kila mara, huku akimnyooshea kikombe. Nami namchekea kwa meno tu, roho inaungua.

Hiyo ilikuwa Doha, Qatar, miaka ya elfu mbili na kumi ikianza, mji unachimbwa kila pembe. Mimi nesi, mume wangu karani wa ghala, tunakaa Al Thumama katika nyumba iliyogawanywa vyumba vyumba, jikoni tunaingia kwa zamu na majirani. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na sita. Chama chetu cha Wakenya kilikuwa kimeanzisha kamati ya vijana, eti wajifunze uongozi na kutumikia jamii. Walikutana Ijumaa jioni kule The Pearl, mtaa wa wenye pesa, katika ukumbi wa jengo alimoishi mwenyekiti, na wazazi tukiwepo, maana ndio ulikuwa pia mkutano wa chama. Watoto wa huko walishuka kwa lifti. Sisi tulikuja na teksi, tena tumechelewa, kwa sababu ilibidi kwanza nitoke kazini.

Sasa mtoto aliyelelewa akifika mahali akakuta watu wazima hawajanywa chai, atafanya nini? Ataingia jikoni. Ndivyo tunavyowafunza. Basi wenzake wanajadili, yeye anamimina. Wenzake wanapiga kura kwa kuinua mikono, yake imeshika birika. Nilimwambia tukirudi, "Siku moja kaa, tuone kama kuna atakayekufa kwa kiu." Akanijibu, "Mama, nikikaa watasema hukunifunza." Jibu hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Lakini alikuwa na jambo lake, na alilipania kwa kufa na kupona. Ndugu yangu mdogo, mjomba wake, alikuwa mlinzi, anaishi kwenye kambi ya walinzi Al Rayyan. Mshahara wa mlinzi haukumruhusu kuleta familia, kwa hiyo kwenye ile kamati hapakuwa na mtoto wa mlinzi hata mmoja. Wale vijana wakabuni kampeni: kuwapelekea walinzi mifuko ya sabuni na taulo, wapige na picha za kupeleka shuleni. Binti yangu alikuwa anamtembelea mjomba wake karibu kila wiki. Alijua wanachotaka walinzi ni kuhudhuria mikutano, maana chama ni chao pia. Lakini The Pearl ni mbali kwa mtu aliyetoka zamu, na akijikaza akafika, anasimamishwa getini na mlinzi mwenzake. Mwanangu alitaka mikutano ihamie Al Rayyan, na ili neno lake lisikike, alitaka achaguliwe katibu.

Siku ya uchaguzi nilimnyang'anya birika mimi mwenyewe. Nikamkalisha kiti cha mbele, nikamwambia akisimama kabla hajaitwa tutakosana. Zamu yake ilipofika alijieleza vizuri, bila kutetemeka, Al Rayyan yake yote akaisema. Makofi yakapigwa. Kisha ukatibu wakampa mtoto wa mwenyekiti, kwa kuwa ana kompyuta yake na dereva wa kumzungusha. Mwanangu, kwa kauli moja, wakamfanya msimamizi wa viburudisho.

Viburudisho, yaani chai. Niliinuka niseme neno, mume wangu akanivuta nguo. Mtoto mwenyewe akashukuru, kisha akauliza kitu kimoja: je, msimamizi ndiye anayeamua chai iandaliwe wapi? Mwenyekiti akacheka. "Wewe ndiye bosi wa jikoni, binti yangu."

Nilimfokea njia nzima mpaka Al Thumama. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, nikamwambia, na wewe unasimama mbele yao kuwashukuru. Nilichoka na wao, nikachoka na yeye, nikachoka na hiyo adabu yetu isiyomlipa mtu. Yeye alikuwa anaandikiana na mjomba wake kwenye simu.

Wiki iliyofuata wanachama wote wakapata ujumbe wake. Chai ya mkutano ujao itaandaliwa Al Rayyan, kwenye chumba cha kulia cha kambi ya walinzi. Mjomba ameshaomba ruhusa kwa mkuu wa kambi, na mandazi yapo. Mwenyekiti akanipigia. "Dada, mtoto wako anatuhamisha." Nikamwambia mambo ya jikoni yana bosi wake, aongee naye.

Walikuja. Wakenya watanung'unika, lakini mkutano usio na chai hawauwezi. Wakakuta viti vimejaa walinzi, wengine bado wamevaa sare, na kati yao mwanangu amekaa kando ya mjomba wake. Watoto wa The Pearl wakajipanga ukutani na mifuko yao ya sabuni. Mwenyekiti akasalimia, akaanza kueleza jinsi vijana hawa walivyoguswa na shida za ndugu zao wa kambini. Ndugu yangu akainua mkono. Alikuwa ameishi Doha miaka mingi kuliko sisi, na nilikuwa sijawahi kumwona katika mkutano wa chama chake mwenyewe.

"Samahani, mwenyekiti," akasema kwa upole. "Katika sisi tuliokaa hapa, mlimuuliza nani shida yake ni nini?"

Mwenyekiti akawatazama vijana, na vijana wakatazama mifuko.