Uso wa Isaka kwa Donna Rachele

Donna Rachele alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, pale mtaani Sanità, Napoli. Akikohoa, nilisikia. Nikimfokea mwanangu Pasqualino, yeye aligonga ukuta kwa ufagio kumtetea.

Mumewe, Sabatino, alikuwa fundi wa kutengeneza picha za makanisa. Palipobanduka rangi alijazia, palipooza turubai alitia kiraka. Padri mmoja aliyeshindwa kumlipa alimpa picha ya kale ya rangi za mafuta: Ibrahimu ameinua kisu, Isaka amelazwa juu ya kuni, kondoo amenasa kichakani.

Mtoto wao mmoja tu, Aniello, alianguka kutoka kwenye jukwaa la waashi akafa kabla hajaota ndevu. Picha zake zote za kamera zilikuwa zimeungua wakati wa mabomu ya vita, pamoja na nyumba yao ya kwanza. Sabatino, kifua kikiwa tayari kimembana, alishika brashi akaufunika uso wa Isaka, na juu yake akachora uso wa mwanawe: nyusi zilizokutana, kovu la kidevuni, mdomo unaotaka kucheka. Haukupita muda naye akafa.

Rachele akabaki na uso ule ukutani. Mchana alifua mashuka ya watu, na chakula chake alikila akiutazama. Mgeni akikaa kuipa picha mgongo, alihamishwa kiti.

Kwetu mtu hazikwi mara moja. Udongo ukishamaliza kazi yake, mifupa hutolewa, huoshwa kwa spiriti, hufungwa kitambaa cheupe na kuwekwa kwenye kishubaka cha ukutani chenye jina lake. Asiyenunuliwa kishubaka humwagwa katika shimo la pamoja, na wewe mama hutajua tena uwashe mshumaa wapi. Mlinzi wa makaburi alipoleta habari kwamba zamu ya Aniello imefika, Rachele hakuwa na kitu cha kuuza ila ile picha.

Aliniomba nikae naye siku aliyokuja Don Catello, mwenye duka la vitu vya kale. Mzee huyo aliisogelea picha hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Ibrahimu safi. Kisu safi. Lakini huyu mtoto amezaliwa jana."

"Amekufa jana, baba," Rachele akasema. "Hakuzaliwa jana."

"Pole, mama. Ila mteja wangu wa Milano hataki mtoto wa mtaani. Anamtaka Isaka."

"Kwani Isaka alizaliwa ikulu?" nikadakia. "Si wa kwenye hema, yule?"

"Wewe dada, naongea na mwenye mali." Alitoa mfukoni pamba na kichupa cha dawa ya kuondoa rangi. "Nifute nione. Chini kukiwa na uso wa zamani, mzima, nakupa bei uliyotaja. Kusipokuwa na kitu, nanunua fremu tu."

Nilimvuta Rachele pembeni. "Shoga, usikubali. Uso ukifutika haurudi."

"Na mifupa ikimwagwa, Titina, itarudi?"

Don Catello alikuwa tayari ameshalowesha pamba. Rachele akaenda akamkamata mkono.

"Lete hapa. Mtoto haogeshwi na mgeni."

Alianzia kidevuni. Lile kovu lilitoka kwanza, likabaki doa la kahawia kwenye pamba. Halafu mashavu, halafu nyusi. Mdomo aliuacha mwisho. Nilitazama mikono yake badala ya picha.

"Mzima!" Don Catello akapiga makofi. "Tazama meno yale! Tazama!"

Isaka wa kale alikuwa ameachama, macho yamemtoka, anapiga kelele.

Rachele alimtazama. "Kumbe muda wote huu alikuwa analia huku chini," akasema. Akafunga kile kipande cha pamba ndani ya leso, akakitia kifuani.

Kishubaka kilinunuliwa. Siku ya kufukua nilikwenda naye, nikamshikia beseni. Aliosha mfupa mmoja mmoja, pole pole. Alipofika kwenye fuvu aliligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kidevuni.

"Titina, kovu lilikuwa upande gani?"

"Kushoto," nikajibu upesi. Sikuwa na hakika. Alinitazama, akaona kwamba sina hakika, akaendelea kuosha.

Kesho yake nilimkamata Pasqualino nikamburuta hadi kwa mpiga picha.

"Mama, kwani nakufa?" akaniuliza mbele za watu.

Nilimpiga kofi. Kisha nikamfuta machozi, nikamnyoosha ukosi, nikamwambia mpiga picha asogee karibu zaidi.