Tundu la Pili la Pima Tena

Fundi huyu anaitwa Pima Tena, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Walimbandika wauza matairi wa jirani, waliochoka kumwona amesimama mbele ya gari na futi mkononi, akipima mahali alipokwisha kupima mara mbili, kana kwamba bati lingebadili mawazo. Yeye hajali. Amefunga friji za magari ya maziwa miaka kumi na tisa, na anajivunia jambo moja tu: hajawahi kutoboa bodi ya gari la mtu, kisha akarudi kuitoboa upya. "Kalamu ina kifutio," husema, "drili haina." Ni falsafa fupi, lakini wapo waliosoma zaidi wakaambulia pungufu.

Mtihani wake ulikuja kwa basi dogo kuukuu ambalo dereva wa lori mstaafu alikuwa ameligeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, pazia la maua, na friji ndogo ya betri. Friji ndiyo iliyokuwa bwana wa nyumba hiyo. Mke wa dereva, mkunga mstaafu, ana kisukari, na insulini haitaki joto. Binti yao wa mwisho alikuwa ajifungue mtoto wake wa kwanza baada ya wiki tatu, mwendo wa siku nne kutoka hapo. Daktari alikuwa amesema, nenda mama, mradi dawa ikae baridi.

Mpango ulikuwa kuegesha kivulini na kutandika paneli ya sola ya kukunja juani, mita kumi mbali. Kilichobaki ni jambo dogo: kiunganishi ubavuni mwa gari, kwa nje, cha kuchomekea waya wa paneli.

Pima Tena akapanga aina tatu juu ya pipa.

"Hiki bapa cha pini mbili ni chepesi, ila wengine hutengeneza chanya mahali pa hasi. Kinaingia kwa adabu, halafu kinakuunguzia vitu ndani."

"Ninaye shemeji wa namna hiyo," alisema dereva.

"Hiki kikubwa cha kijivu, pande zote mbili zinafanana."

"Hakina dume wala jike?"

"Hakina. Ila kinataka tundu pana, na mfuniko wa vumbi. Hivi vyembamba vyeusi ndivyo vya paneli za mapaani. Vikibana, vimebana. Maji hayapiti, na havichomoki mpaka ubinye masikio haya mawili."

Dereva akavibinya kwa vidole vilivyopigana na usukani wa lori miaka arobaini. Tak! "Safi. Funga hivi."

Mkunga alikuwa ndani ya gari akipanga vikombe. Uamuzi ulipita bila kupingwa, kama kawaida ya mikutano ambayo mhusika hakualikwa.

Pima Tena akapima mara nne, akatoboa vitundu viwili, akazungushia silikoni, akapangusa kwa kitambaa. Kisha akawapa sharti lake la siku zote: walale uani kwake siku mbili, friji ikiwaka, ndipo wasafiri.

Siku ya pili asubuhi dereva alikwenda kununua mkate. Kivuli cha ukuta kikaifikia paneli. Kuihamishia upande wa pili kulitaka waya uchomolewe, upitishwe chini ya gari, uchomekwe upya. Pima Tena, aliyekuwa amelala chali chini ya gari jingine, aliona ndara mbili tu, zimesimama mahali pamoja, muda mrefu kuliko inavyostahili kazi ya tak. Akatoka.

Mkunga alikuwa anavuta waya kwa meno.

"Mama! Unatoka damu."

"Wapi?" Akaitazama kucha yake iliyovunjika kama mtu anayeonyeshwa mzigo wa abiria mwingine. "Vidole hivi vimepokea watoto wa mtaa mzima, mwanangu. Siku hizi nikishika kifungo au punje ya hindi, sijui kipi ni kipi. Sukari hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani mzee ndiye..."

"Mzee huamka saa nne. Jua huamka saa kumi na mbili." Akajifuta kidole. "Basi, tusisumbuane. Nitabaki. Mjukuu nitamwona kwenye picha."

Pima Tena akavitazama vile vitundu viwili, vimenyooka hivi kwamba ingekuwa halali kuvionyesha kwa wageni. Akatazama ndara. Akaenda kuleta kile kikubwa cha kijivu, akakifunga mpini wa kamba nene, akaleta na ndoo ya maji ya sabuni, kisha akashikilia kipande cha pili ubavuni mwa gari.

"Tia mikono humu iteleze, mama. Sasa fumba macho. Sukuma kwa kiganja, usitumie vidole."

Kikaingia.

"Vuta kamba."

Kikatoka. Mkunga akaingiza na kutoa mara sita, ya mwisho kwa kujionyesha tu.

Drili ilipolia, wauza matairi waliacha wateja wao. "Jamani, njooni! Pima Tena anatoboa mara ya pili!"

"Natoboa," alijibu bila kugeuka. "Mwenye gari amepatikana."

Vitundu vya zamani akaviziba kwa vizibo vya mpira, vyeusi, vinavyoonekana kutoka mbali. Dereva aliporudi na mkate alitaka kuvipaka rangi. Fundi akamkataza.

Wiki nne baadaye simu ililia.

"Mwanangu! Ni wa kike, na amepiga kelele kabla hata ya kufika. Mikono ya kwanza kumshika baada ya daktari ni hii hii. Dawa haikupata joto hata siku moja. Nimechomeka mwenyewe kila asubuhi."

"Na mzee?"

"Amelala. Anakusalimu kwa mkoromo. Mungu akuweke, baba."

"Asante wewe, mama. Ungeninyamazia, ningekutuma barabarani na kazi nzuri isiyokufaa."

"Ulipima vizuri, mwanangu. Ulimpima tu mtu siye."

Siku hizi gari likiingia uani, futi hubaki mfukoni kwanza. Pima Tena hugonga bati, huchungulia dirishani, na kumwambia aliyemo ndani aweke vikombe chini, atoke nje.