Maji ya Kuku

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza Igowole, Mufindi. Kazi yangu ni kuwafungua midomo watoto wa wenzangu. "Semeni wote: ba, be, bi, bo, bu!" nao huitikia mpaka bati linatetemeka. Jioni nilikuwa narudi nyumbani kwa binti yangu wa miaka minne, ambaye hakuwa ametamka hata neno moja tangu azaliwe. Mganga hajigangi, walimu wenzangu walinitania, nami nilicheka nao, kisha nikaenda kulia jikoni.

Nilitaka aniite mama. Hilo tu. Mengine yangejijua yenyewe.

Mama mkwe wangu tunaishi naye, kwa sababu mume wangu yuko Madibira kwenye mpunga miezi mingi ya mwaka. Mama mkwe alikuwa na jibu lake: kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. "Kikatwe, mwalimu. Baba yake tulimkata, si unamwona anavyopayuka?" Siku moja nilikubali. Mfa maji haachi kutapatapa. Tulikuwa tumeshatoka kwenda kwa mkata vimeo, mtoto mgongoni, nesi wa zahanati akatukuta njiani. Alinigombeza mbele ya watu, halafu akanielekeza kwa mtaalamu wa usemi aliyefungua kliniki yake binafsi Mbeya, mtaa wa Soweto.

Mtaalamu yule, kwa simu, alitaka kwanza mtoto apimwe masikio. Tukaenda hospitali, masikio mazima kabisa. Mzazi mwingine angeshukuru Mungu. Mimi niliumia, maana ugonjwa wa masikio una jina, na chenye jina unaweza kukitafutia dawa.

Siku tuliyoingia kliniki nilitegemea sindano, au dawa ya maji, au kifaa cha kumwekea mdomoni. Nilikuta mkeka, mwanasesere asiye na mkono mmoja, na vikombe vya plastiki. Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Aliketi chini na mwanangu, wakamiminiana chai isiyokuwepo, wakamnywesha mwanasesere, wakaanza tena.

"Dada," nikamwambia, "nimetoka Igowole alfajiri kuja kuangalia watu wakicheza vikombe?"

Akacheka. "Ndiyo, mama. Na wewe shuka kwenye hicho kiti, zamu yako imefika."

Nikashuka. Alitupiga video kwa simu, dakika kumi hivi, kisha akanipa niitazame. Nilimwona mwanamke amemshika mtoto kidevu. Sema kikombe. Sema chai. Sema mama. Haya, sema! Kila mtoto alipofungua midomo kidogo, yule mwanamke alikuwa ameshaingia na sema nyingine. Nikamrudishia simu yake kabla video haijaisha.

"Nyumbani akitaka kitu inakuwaje?" akaniuliza.

"Nampa."

Nilimdanganya. Kiangazi kilichopita kuna mtu aliniambia kwamba mtoto akibaniwa kitu atasema tu, shida itamsemesha. Basi siku moja binti yangu alitoka kucheza juani, akanyoosha mkono kwenye kikombe chake. Nikakiinua juu. "Sema maji." Akalia. "Sema maji ndiyo nikupe." Nilikuwa nimeapa siku hiyo sishindwi na mtoto. Akaacha kulia, akanitazama, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti kwenye beseni la kuku, anakunywa. Sikumwambia mtu yeyote, hata baba yake.

Mtaalamu hakunibana zaidi. Alinipa masharti: nyumbani asiwepo mtu wa kumwambia sema. Nitaje tu ninachokifanya, kisha ninyamaze na kumsubiri. Asiposema, nimpe vilevile.

"Atasema lini?"

"Siwezi kukuahidi, mama. Mimi nitakuwa naye saa moja kila mkija. Siku nyingine zote ni zenu."

Nilimchukia kwa jibu hilo njia nzima mpaka Makambako.

Kwetu, kutomwambia mtoto sema ni kutafuta ugomvi. Jumapili baada ya ibada wazee hupita nyumbani. "Kamwene," wanatusalimu sisi, kisha wanainama wapate shikamoo ya mtoto. Zamani nilikuwa namfinya bega, na asiposema naisema mimi kwa sauti nyembamba ya kitoto, watu wanacheka, yanaisha. Sasa nikakaa kimya. Mzee wa watu ameinama, mkono kichwani kwa mtoto, anasubiri.

Walipoondoka mama mkwe akanigeukia. "Mwalimu, huyu mtoto tunamlea au tunamfuga?"

"Ndivyo nilivyoelekezwa, mama."

"Yaani umepanda basi mpaka Mbeya kufundishwa kunyamaza! Ungeniuliza, mbona ningekufundisha hapahapa."

Tulikwenda kliniki mara ya tatu, ya tano, ya saba. Nyumbani nikawa kama kichaa anayeongea peke yake. "Namimina maji. Maji." Kisha nanyamaza, nahesabu moyoni mpaka kumi. Hakuna. Nampa. Anakunywa, anaondoka. Nilianza kuwaonea kijicho watoto wa darasani kwangu, hasa waropokaji. Asubuhi moja nilimtoa mmoja nje kwa sababu tu alinisimulia kwa kirefu habari za mbuzi wao. Niliposikia analia dirishani ndipo nilipojua kwamba naharibikiwa.

Nikakata tamaa, nasema kweli. Niliamua safari ya nane ndiyo ya mwisho. Tukirudi, mama mkwe afanye atakavyo na kimeo chake, mimi sina tena pa kushika.

Jumamosi kabla ya safari hiyo nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba. Binti yangu akatoka jikoni na kikombe chake, kimejaa, anatembea polepole asimwage. Akaenda mpaka kwenye beseni la kuku. Lilikuwa limekauka. Kuku mmoja mwekundu akamkimbilia, akasimama mbele yake na shingo juu.

Binti yangu akainua kikombe juu, mpaka mkono ukanyooka wote.

"Sema," akamwambia kuku.

Nililisikia sawasawa. Halikuwa na kigugumizi wala kitembe, na lilitoka kwa sauti yangu ileile ninayoingia nayo darasani. Miaka minne nilikuwa nimelingoja neno lake la kwanza, nimepanga jinsi nitakavyopiga vigelegele. Vigelegele havikuja. Nilibaki nimeshika sufuria, mikono imejaa povu, nimeona aibu kuliko siku zote za maisha yangu.

Kuku alimtazama tu. Binti yangu akasubiri, kikombe bado kiko juu, akamsubiri kuliko nilivyowahi kumsubiri yeye. Kisha akachuchumaa, akammiminia maji yote.