Zamu ya Bustani

Ukimwona Eufrazia amekaa kitako, jua anaumwa. Sisi tunaopanga naye nyumba moja hapa Temeke tumeshamzoea. Anafagia ua uliokwisha kufagiliwa, anasugua sufuria za wenzake, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni mwalimu wa siku nyingi, mzaliwa wa Newala, na sifa yake kubwa kazini ilikuwa moja: mwenzake akikosea ubaoni, anamnyang'anya chaki. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeteuliwa kwenda kusomea ukocha wa walimu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Alirudi mafunzoni na kauli ya mkufunzi wake: kocha haingii uwanjani. Kazi yake ilikuwa kumtembelea mwalimu darasani, akae nyuma, anyamaze, kisha amuulize maswali mpaka mwenyewe aone ni watoto gani wanaachwa na kwa nini. Wachague jambo moja dogo la kubadilisha, walijaribu, wapime, warekebishe, wajaribu tena. Salumu wa chumba cha kona akamgeuza jina siku hiyohiyo.

"Kocha, shikamoo! Leo tunapanga kikosi gani?"

"Marahaba. Kikosi cha kufua, na wewe kepteni," alimjibu, akamtupia shuka lake chafu.

Alipangiwa kijana anaitwa Wilbert, mwalimu wa darasa la pili katika shule isiyo mbali na kwetu. Kijana msikivu, shati limenyooshwa, na darasa lenye watoto mia na ushei. Siku za ziara darasa lilikuwa linang'aa. Mikono juu, "Mimi madam! Mimi!", na kila anayeinuliwa anasoma kama maji yanavyotiririka. Lakini mwezi ukiisha, watoto wakipimwa kusoma mmojammoja, kundi kubwa linaanguka. Wakajaribu kadi za silabi. Wakajaribu kusoma wawiliwawili. Kipimo kikija, yaleyale. Eufrazia akaona dawa ni kuongeza ziara, ikawa kila wiki yuko kule, na wiki nyingine anakwenda mara mbili. Matokeo yakazidi kushuka.

Hapo ndipo alipotunyima raha nyumba nzima. Mwisho wa mwaka wasiojua kusoma wangekariri darasa, na wengine kati yao walishakariri mara moja. Mtoto akikariri mara mbili, mwaka wa tatu humwoni tena shuleni, utamkuta Tandika anauza mifuko.

"Mie sielewi, jamani," alikuwa akiniambia huku akifua nguo iliyokwisha takata. "Nikiwepo wanasoma. Nikiondoka wanasahau. Watoto gani hao?"

Mimi nashona nguo, ya ubaoni siyajui.

Siku moja lori la mchanga lilikuwa limeziba geti la shule, Eufrazia akapitia mlango wa nyuma. Huko kuna bustani ya maua mbele ya ofisi. Shule nzima ni vumbi tupu, jua la Oktoba linapasua vichwa, lakini maua yale yalikuwa mabichi yanameremeta. Watoto walikuwa wameinama na makopo ya rangi yaliyotobolewa matundu, wanamwagilia.

"Shikamoo madam," alisema msichana mmoja.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Chausiku."

"Chausiku, uko darasa la ngapi?"

"La pili. Kwa Mwalimu Wilbert."

"Na mbona hamko darasani saa hizi?"

"Sie wa bustani. Mgeni akija sie tunamwagilia."

"Mgeni gani huyo?"

Mtoto akamtazama kama anayetazama mtu aliyepotewa na akili.

"Si wewe hapo, madam."

Kila alipokuja kuona nani anaachwa, waliokuwa wanaachwa walikuwa wanatolewa nje kwa ajili yake. Na yeye, kwa uchungu wa kuwasaidia, alikuwa anaongeza ziara. Maua yale alikuwa ameyanenepesha mwenyewe.

Sasa msimrukie Wilbert. Nani kati yetu akipata mgeni anampa kikombe chenye ufa? Tunakificha kabatini, tunatoa kile cha maua. Shuleni ni hivyohivyo tangu sisi wadogo: mkaguzi akija, wajanja mbele, wazito mnaambiwa kuna maji ya kuchota. Mimi mwenyewe nilichota sana. Wilbert alifanya alivyofanyiwa, tena kwa heshima. Lakini inauma, nasema kweli, inauma mpaka leo.

Eufrazia alikaa somo zima akiuma meno. Watoto walipotoka kunywa uji, alimkalisha Wilbert kwenye dawati. Ulimi ulikuwa unamwasha. Akakumbuka mafunzo, akauliza.

"Wale wa bustani, siku ambazo mie sipo, unawasomesha?"

"Wanakuwepo, madam. Wanakaa nyuma."

"Sijauliza wanakaa wapi."

Wilbert akaangalia viatu vyake. Eufrazia anasema hajawahi kufanya kazi ngumu kama kungoja pale bila kumjibia.

"Madam, wewe ndiye unayenipima," kijana alisema mwishowe. "Nilitaka uone nimejitahidi."

"Nimeona. Tubadilishe nini?"

"Wasitoke," alisema. Akafikiri tena. "Na niwe naanza nao."

Likawa ndilo jambo lao dogo. Wakapatana siku ya ziara.

Siku hiyo Eufrazia aliondoka nyumbani bila kunywa chai. Aliingia darasani kwa Wilbert, watoto wote wakasimama kumwamkia, wakaketi. Wote, isipokuwa safu mbili za nyuma. Hao hawakuketi. Walianza kutoka kwenye madawati mmojammoja, kimyakimya, kuelekea mlangoni. Hakuna aliyewatuma. Chausiku alikuwa mbele.

"Mnakwenda wapi?" Wilbert aliuliza.

"Bustanini, Mwalimu. Mgeni kaja."

"Leo hamtoki. Rudini mkae."

Hawakurudi. Walisimama pale mlangoni, macho kwa mwalimu, macho kwa mgeni, kama watu waliosikia uongo na wanaogopa kuucheka. Wilbert akarudia, wakazidi kubanana. Akamgeukia Eufrazia kwa macho ya kuomba msaada. Kocha haingii uwanjani. Basi Eufrazia akatoka uwanjani kabisa.

"Mwanangu," alimwambia Chausiku, "leo zamu ya bustani ni ya mgeni. Makopo yako wapi?"

Mtoto akamwonyesha kwa kidole. Eufrazia akapita katikati yao, akaenda nje, akainama na gauni lake la kazini, akaanza kumwagilia. Mwalimu mkuu akachungulia kwenye dirisha la ofisi, akaduwaa. Eufrazia akamwamkia, akaendelea.

Hakuona chochote cha somo lile alilokuja kulitazama. Alisikia tu, kupitia dirisha la darasa: madawati yakiburuzwa, Wilbert akiita jina la Chausiku. Kisha sauti ndogo ikaanza, ba, ikakwama, be, ikakwama, ikarudi nyuma, na hakuna aliyeikatiza. Yeye mwenyewe aling'ang'ania kopo kwa mikono miwili asiingie. Kopo lilikwisha maji zamani, lakini aliendelea kuliinamisha juu ya ua lilelile mpaka mtoto alipomaliza mstari.