Mboga za Mwakio

Mwakio ni mtoto wa marehemu dada yangu. Amepanga chumba hapa Voi, peke yake, anatengeneza app ya simu ya watu wa Mwanda, kijijini kwao, kuuzia mboga. Mke hana, rafiki hana. Siku tunamzika mama yake, yeye alikuwa ameinamia kompyuta. Sijamsamehe na sitamsamehe.

Juzi alikuja na simu. "Mama mkubwa, nijaribie hii. Sina mtu mwingine."

Nikaangalia. "Haya majani ni nini?"

"Ni kabichi. Nimetoa kwa intaneti, kuna mahali wanapeana michoro ya bure. Kulipa mchoraji siwezi."

"Hiyo ni ya kulisha sungura wa Ulaya. Watu wa Mwanda wakiona hivyo watajua app si yao, waifute. Kwani huko kwenu mboga ziliisha?"

Akarudisha simu mfukoni. Kwenda kwao lazima apite kwa kaburi la mama yake, na hakuwa amewahi kuliona.

Jumapili alienda. Alirudi na picha za sukuma, managu, na kabichi ya shambani yenye udongo. Nikamwambia ni nzuri, kwa sababu ni nzuri.

Akasimama pale mlangoni akingoja niseme lingine. Sikusema. Akachukua simu yake, akarudi chumbani kwake.